Mbona simu haisikii kama mimi?

SWALI: Salaam. Mie hununua viungo soko la Kongowea, Mombasa. Juzi nimemrekodi mzee muuza viungo kwa simu anielekeze vipimo vya pilau, pale pale nilikua namskia vizuri kabisa, kufika nyumbani Kisauni naskia honi na mikokoteni tu, mzee kazama. Na makelele yote yale mtu akiniita jina toka nyuma nageuka. Masikio yangu yana nini simu haina? – Mama Pilau

JIBU: Mama Pilau, masikio yako nayo yalizoa kila kitu, mpaka yule mchuuzi wa kunadi "mia, mia, mia." Kuchagua ni kazi ya ubongo. Mzee akiwa kuliani kwako, sauti yake inaingia sikio la kulia kabla ya la kushoto, tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde lakini ubongo unaidaka, ndio ukajua huyu yuko huku na honi iko kule. Halafu ulikua wamwangalia mdomo. Simu yako yote hayo inayamwaga kwa spika moja, sasa utapambanua vipi? Siku ukienda tena ziba sikio moja uone.

Hili la jina sasa. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni, kila sikio maneno yake, akawaambia warudie ya sikio moja tu. La pili hawakujua lilisema nini, hata Kiingereza kilipogeuzwa Kijerumani hawakushtuka, lakini sauti ya kiume ikigeuka ya kike walijua. 1959 mtafiti mwingine, Neville Moray, akatia jina la mtu mwenyewe kwenye lile sikio lililoachwa, na kama thuluthi moja ndio walioliskia. Thuluthi tu! Kwa hivyo wewe wakumbuka mara ulizogeuka, zile hukugeuka utazijuaje? (Ukiambiwa waringa sokoni, sababu ndio hiyo.)

Na kuna hili, wallahi lilinichekesha. 1970 kule Marekani Richard Warren alikata sauti moja katikati ya neno akaweka kikohozi mahali pake, watu wakaskia neno zima, na kikohozi hawakuweza kusema kimeingia wapi hasa. Ubongo ulijaza wenyewe kwa kukisia. Sasa honi ilipolia mzee akisema vijiko vya bizari, yawezekana "viwili" ulivyoskia ni vyako mwenyewe, manake ndivyo ulivyozoea. Kabla hujapikia wageni rudi ukamuulize, na simu iweke karibu na mdomo wake.