Kulala ugenini nje ya nchi, wanangu wa kusini someni kwanza

Sisi huku Mtwara gesti tumezoea kuongea. Unafika Ligula saa saba usiku, unagonga geti, mlinzi anamwamsha dada wa mapokezi, unajaza daftari jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, unapewa ndala na kipande cha sabuni basi umelala. Asubuhi saa nne ya kutoka ikikukuta bado unaoga unamwambia dada nivumilie kidogo, anavumilia. Hata bei inaongeleka, labda uje msimu wa korosho vyumba vimejaa wanunuzi, hapo utalipa tu. Sasa hiyo tabia ya kuongea ukipanda nayo ndege itakutesa, maana kule mambo yote yameshaandikwa kwenye ile buking uliyobonyeza "nakubali" bila kusoma, na wa mapokezi hata akikuonea huruma hawezi kubadilisha kitu.

Anza na idadi ya watu. Huku tunalipia chumba, kule sehemu nyingi wanahesabu vichwa, na zile nyumba za wageni za kijapani bei huwa ni kwa kila mtu pamoja na chakula chake, kwa hiyo habari ya ndugu yako anayesoma hapo mjini kuja kulala na wewe siku mbili mmalizie stori, sahau, au mlipie. Ila wanaume wawili mkitaka chumba cha vitanda viwili hakuna wa kuwashangaa, siyo kama lile tangazo la ukutani kwenye gesti zetu linalokataza wanaume wawili chumba kimoja.

Saa nazo. Ukiona kuingia ni 14:00 hiyo ni saa nane mchana, na ukitua Istanbul alfajiri chumba chako bado kina mtu. Waachie mabegi mapokezi, wengi hawatozi, katembee. Halafu hoteli ndogo nyingi za Ulaya usiku hakuna mtu kabisa, wanakutumia namba za kufungulia mlango kwenye imeili, na kama simu yako imezima chaji utajua mwenyewe. Beba na adapta, soketi zetu za pini tatu Dubai zipo, Ulaya bara hazipo.

Choo sasa, na hapa naongea na waswahili wenzangu wa Mikindani na Lindi hasa. Ulaya na Marekani maji chooni usitegemee, ni karatasi tu. Mimi nabeba chupa ya plastiki ya nusu lita kwenye begi la mkononi na sioni aibu. Uturuki vyoo vingi vina kibomba kidogo ndani ya bakuli, Dubai na India kuna mpira wa maji pembeni, Wajapani wao choo chenyewe kinakuosha kwa umeme, na Italia, amini usiamini, tangu 1975 sheria inataka nyumba ya kuishi iwe na lile beseni dogo la kujisafishia. Kwa hiyo siyo wazungu wote tuwaweke kapu moja.

India wengi wetu tunaenda kwa matibabu, unapanga kwenye loji karibu na hospitali zenye jiko la kushea. Uliza kabla hujalipa kama wanaruhusu kupika nyama na samaki, maana kuna wenye nyumba hawali kabisa wala hawataki harufu yake, sasa wewe na ng'onda zako ulizofungashiwa na mama mkwe, dah. Udi pia acheni jamani, huo moshi unawasha king'ora jengo zima linatoka nje, na kuna hoteli watakukata faini kama vile umevuta sigara.

Japani kuvua viatu mlangoni hakutakushinda, tunavua kila siku. Kitakachokushinda ni bafu la pamoja la maji ya moto, watu wanaingia bila nguo hata moja (wanaume kwao, wanawake kwao) na lazima uoge kabisa kwa sabuni pembeni kabla hujaingia kwenye yale maji. Ukiona stara yako haikuruhusu tafuta sehemu yenye bafu la kukodi la faragha, zipo.

Wa Guangzhou, China, mnaofuata mzigo, hoteli wataomba depoziti juu ya bei ya chumba, watakagua chumba unapotoka ndo wakurudishie, tunza risiti. Na huko hoteli ndiyo inayokuandikisha polisi kwa pasipoti yako. Ukikwepa gharama ukalala kwa mbongo mwenzio, mnatakiwa mjiandikishe wenyewe polisi ndani ya saa 24, wewe au mwenyeji wako, na faini yake inaweza kufika yuan 2,000, kwa hiyo mwenyeji akikwambia we lala tu hawaji, mwambie twende kwanza mzigo tutauona baadaye.