Kwa mnaoanza labo ya meno Bukavu: nguvu ya resini iko kwenye kuipika

Mdogo wangu, mgonjwa akirudi na protezi (meno ya bandia ya resini, yaani plastiki) ya juu iliyopasuka katikati, usikimbilie kumwuliza kama aliiangusha. Tazama kwanza pale ilipovunjika. Ukiona vitundu ndani, hasa sehemu nene, kosa limetoka labo.

Vitundu hivyo huletwa na haraka. Monomeri, yaani majimaji tunayochanganya na unga wa resini, huchemka kwenye digrii 100 hivi, na resini inapokaza hutoa joto lake yenyewe. Ukitumbukiza mufle (kasha la chuma tunalopikia protezi) moja kwa moja kwenye maji yanayotokota, monomeri ya katikati inageuka mvuke kabla haijashikana. Ndiyo maana tunaanza na digrii 74 kwa saa 2, kisha tunachemsha kwa saa 1.

Hapo maagizo ya kwenye boksi yanatuacha njiani. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye digrii 95 hivi. Yatokote utakavyo, 100 hayafiki. Monomeri nyingi zaidi hubaki bila kushikana, na resini ya namna hiyo ni dhaifu. Mimi huongeza muda wa mchemko. Nunua kipimajoto, maana mapovu hayakuambii kitu, na umeme ukikatika soma digrii kabla ya kuendelea kuhesabu muda. Mtungi wa gesi uwe karibu (mwenye labo atalalamika bei, mwache). Mufle upoe taratibu mezani.

Unga ni vipimo 3 kwa kimoja cha monomeri. Wageni wa kazi huzidisha monomeri ili kinyunga kiwe laini kwenye presi. Kinachotoka hunywea zaidi na kuvunjika upesi. Subiri kiache kunata.

Siku hizi kila mwanafunzi anauliza nyuzi za kioo. Zinasaidia kweli, ila ziwe zimepakwa silani (dawa inayoshikanisha kioo na resini) na zimelowa monomeri. Zikiwa kavu, ufa hupita humohumo. Wavu wa chuma siupendi, haushikani na resini.

Ukirekebisha iliyovunjika, lainisha kingo, zilowanishe kwa monomeri kama dakika 3, ndipo uweke resini ya baridi, ile inayokaza bila kupikwa. Nafasi ya ukano wa mdomo (ule unaounganisha mdomo na ufizi) iwe ya mviringo: kona kali ndiko ufa unakoanzia. Kisha mrudishe mgonjwa kwa daktari aangalie kama ufizi umeshuka, maana protezi inayoyumba itapasuka tena palepale.