Gemu ya Zamani Ikigoma Kwenye Windows 11, Usikubali Kuambiwa Uitupe

Kijana mmoja anayesoma chuo Dodoma ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimenunuliwa laptopu mpya, nimeweka gemu ya GTA San Andreas, inafunguka vizuri ila ile ndege ya majini haipo kabisa. Nimefuta, nimeweka upya, wapi. Washkaji wanasema kopi yangu mbovu. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kopi yako ni nzima, na dawa yako ipo hapa chini. Nakujibu kwa urefu kwa sababu wapo wengi kama wewe, na kwa sababu na mimi niliwahi kuambiwa maneno kama hayo mbele za watu.

Mimi nimekulia Tanga. Wa rika langu wanajua gemu ya kijasusi ya Project IGI ilikuwa nini kwetu. Ilitoka mwaka 2000, kazi ya studio ya Norway iliyoitwa Innerloop, nasi tuliicheza kwenye duka la stesheneri la jirani, unalipia nusu saa unakaa kwenye kiti cha plastiki, wenzako wamesimama nyuma wanakuelekeza. IGI haikuruhusu kusevu katikati ya misheni. Umepita walinzi, umezima kamera, umebakiza mlango mmoja, ukipigwa risasi unaanza tangu mwanzo wa misheni. Na nusu saa yako ndiyo inaisha. Zipo misheni ambazo sikuwahi kuzimaliza utotoni, si kwa kukosa uwezo, kwa kukosa hela ya nusu saa ya pili. Nilijiapiza kwamba nikipata kompyuta yangu nitaimaliza yote.

Kompyuta nikaipata, ya Windows 11. Nikaweka IGI. Menyu ikaja inakwama, kishale cha mausi kinaburuta, misheni ikifunguka picha zinakatakata. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaitazama, akacheka, akawaambia wateja waliokuwepo: "Mtu mzima huyu, bado anahangaika na gemu za watoto." Halafu akanigeukia: "Tupa hii. Windows mpya haikubali vitu vya kizamani." Hela ya kuangalia aliichukua. Sitamtaja, lakini yale maneno yaliniuma, na hadi leo yananiuma, kwa sababu aliyasema bila hata kufungua folda ya gemu.

Nilirudi nyumbani nikakaa nayo. Sitawachosha na zile usiku zote. Ninachowaambia ni kwamba IGI leo inakwenda kwenye laptopu hiyo hiyo, kioo kizima, na misheni zote nimezimaliza.

Nilichojifunza ni hiki: gemu haigomi kwa sababu ya uzee. Inagoma kwa sababu kuna kitu inakitafuta ndani ya Windows na hakipo tena, au kipo ila kimehamishwa. Kazi yako ni kukijua kitu hicho. Na njia ya haraka ya kukijua ni kuanza na mwaka wa gemu.

Kwa IGI nilianza na lile ambalo kila mtu analijua: bofya kulia faili la gemu, Properties, kisha Compatibility, uchague Windows XP. Ilisaidia kidogo tu. Wengi wanaishia hapo, halafu wanasema haiwezekani. Hatua iliyofuata ilikuwa DirectPlay. Hiki ni kipande cha DirectX ya zamani (programu za ndani ya Windows ambazo gemu huzitegemea kwa picha na sauti) ambacho bado kimo ndani ya Windows, ila kimezimwa. Fungua Control Panel, Programs, kisha "Turn Windows features on or off", tafuta Legacy Components, weka tiki kwenye DirectPlay. Gemu nyingi za miaka ile hazifunguki kabisa bila hicho.

Lakini kilichonitoa machozi ya furaha ni dgVoodoo 2. Ni programu ya bure ya mtengenezaji anayejiita Dege. Gemu za wakati ule zinaongea na kadi ya grafiki kwa DirectX ya zamani sana, na kadi za leo hazielewi vizuri lugha ile. dgVoodoo inakaa katikati kama mkalimani: inapokea maagizo ya kale, inayapeleka kwa DirectX ya sasa. Unachukua DDraw.dll na D3DImm.dll kutoka folda yake ya MS, ndani ya x86, unayabandika pale pale lilipo faili linalofungua gemu. Pale pale, siyo folda ya nje. Watu wanakosea hapo, halafu wanalaumu programu. Ukifungua gemu ukaona alama ya dgVoodoo kwenye kona ya kioo, ujue imeshika. Alama hiyo unaizima baadaye kwenye dgVoodooCpl, programu yake ya mipangilio. Siku ile nilipoiona kwenye kona nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Sasa ndege yako, mdogo wangu. Inaitwa Skimmer, na kisa chake kinapaswa kuwanyamazisha wote wanaosema kopi yako mbovu. Ndani ya San Andreas kuna faili linaloitwa vehicles.ide. Kila chombo cha usafiri kina mstari wake humo, na mstari wa gari au ndege unatakiwa utaje ukubwa wa magurudumu. Mstari wa Skimmer hautaji. Kwenye Vice City, gemu ya GTA iliyotangulia, Skimmer ilihesabiwa kuwa boti, na boti haina magurudumu. Kwenye San Andreas watengenezaji wakaihamishia kundi la ndege bila kuumalizia mstari wake. Gemu ikifika hapo haihakiki chochote. Inatumia namba zilizosalia kwenye kumbukumbu kutoka chombo kilichotangulia, na mambo yanakwenda. Yalikwenda hivyo tangu toleo la kompyuta lilipotoka 2005. Ikaja Windows 11 toleo la 24H2, mwishoni mwa 2024, ikabadilisha namna inavyotumia kipande kile cha kumbukumbu. Juu ya namba zilizosalia ikaandikwa takataka, ndege ikatoweka. Waliolazimisha kuiita kwa programu za pembeni walirushwa juu angani mpaka nje ya dunia ya gemu.

Aliyechimba hadi mzizi ni mtengenezaji anayejiita Silent, mwenye SilentPatch, kiraka cha bure cha kurekebisha makosa ya gemu, na 2025 akaeleza kila kitu hadharani. Kosa halikuwa la Windows. Lilikuwamo ndani ya gemu muda wote huo. Kwa hiyo shusha SilentPatch mpya ya San Andreas, iweke kama maelezo yake yanavyosema, ndege itarudi. Ila kabla hujagusa lolote, ingia Documents, tafuta folda ya GTA San Andreas User Files, uinakili yote kwenye flashi. Humo ndimo zinamokaa kazi zako ulizosevu. Na kwenye mipangilio ya gemu acha Frame Limiter ikiwa imewashwa, maana mwendo wa gemu hii ulipangwa kwa fremu (picha) chache kwa sekunde. Ukiiachia, mambo madogo madogo yanaanza kuharibika.

Kwa wengine, kwa kifupi. Gemu ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika sana kabla ya Windows 95, usihangaike na Windows yenyewe. Tumia DOSBox, ambayo ipo tangu 2002 na inaiga kompyuta nzima ya zama zile. Gemu ya miaka ya tisini ambayo hata kuinstoli inakataa, mara nyingi gemu yenyewe ni ya biti 32 ila programu yake ya kuinstoli ni ya biti 16 (mtindo wa zamani zaidi wa kuandika programu), na Windows ya biti 64 haiendeshi biti 16 kabisa. Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hiyo hapo hakuna kubembeleza. Gemu ya sidii ya miaka ya 2000 inayokaa kimya ukiibofya, shuku SafeDisc, ule ulinzi wa kuzuia kunakili. Microsoft waliuondoa tangu Windows 10 mwaka 2015 kwa sababu za usalama, na walikuwa sahihi. Hapo angalia kama gemu yako inauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, maana wao wanauza gemu za zamani bila ulinzi huo, nyingi zikiwa zimeshatengenezwa ziende kwenye Windows mpya.

Na msiweke gemu za zamani kwenye Program Files. Tangu Windows Vista, Windows hairuhusu programu kuandika humo ovyo, na gemu hizi zinapenda kusevu ndani ya folda zao zenyewe. Tengeneza C:\Gemu, weka humo. Nasema tena: C:\Gemu.

Vijana wenzangu, uvumilivu umetuponyoka. Kitu kikigoma mara moja, tunakimbilia kwa fundi, au tunauliza kwenye kundi la WhatsApp na kusubiri mtu atutumie faili. Soma ujumbe wa kosa unaokuja kwenye kioo. Usome wote. Mimi leo watu wananiletea laptopu zao, na ninachokijua karibu chote nimekipata kwa IGI, si darasani. Anayekucheka kwa kuhangaika na gemu haoni kwamba unajifunza namna kompyuta inavyofikiri.

Jambo moja sitalegeza. Ukikuta mtu anakwambia zima antivirusi kwanza ndipo ufungue faili lake la kurekebisha gemu, achana naye. Faili la dgVoodoo lichukue kwa Dege, SilentPatch ichukue kwa Silent. Kama umeshapokea faili kama hilo kwa mtu usiyemjua, lifute leo na uipime laptopu nzima kwa antivirusi kabla hujaingiza tena nywila ya benki au ya chuo.