Simba wangu wa jiliwa

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinijia mezani na shilingi ishirini ya 1998, ile ya Moi ya rangi mbili. Pete ya nje tu, kitovu cha katikati hakuna. Alikuwa ameifunga kwa pamba kama jino la mtoto. "Mzee, hii imetoka kiwandani hivi hivi." Nikaiweka chini ya lupu, kile kioo cha kukuzia. Ukuta wa ndani wa pete umenyooka wima, mfereji wa kushikia kitovu uko safi, na pembeni pana alama ya patasi inayong'aa kuliko sarafu yenyewe. Huyu ni wa tatu mwezi huu. Nilitaka kucheka, lakini haya zikanishika kwanza, kwa sababu pamba ile naijua. Nami nimewahi kutembea nayo mfukoni.

Haya, wadogo zangu mnaoanza kukusanya sarafu zenye makosa ya kiwanda, sogeeni.

1. Kabla ya kusema "kosa la kiwanda", jiulize chuma kimekwenda wapi. Muhuri, yaani kile chuma chenye picha kinachopiga sarafu, ukipasuka, chuma cha sarafu huingia katika ule ufa wakati wa kupigwa, kwa hiyo ufa wa muhuri hutokeza juu ya sarafu kama mshipa wa mkono. Mkwaruzo huzama, na chuma kilichochimbwa hujikusanya kandokando kama udongo wa mtaro. Usipitishe ukucha, nakuona! Inamisha sarafu kwenye mwanga, kivuli kitakwambia. Pete ya yule kijana nayo ni hivyo hivyo: ingepigwa bila kitovu, chuma kingesukumwa kuelekea ule uwazi na mdomo wa ndani ungevimba. Ukuta ulionyooka maana yake kitovu kilikuwepo wakati wa kupigwa, kikang'olewa baadaye.

2. Klipu, yaani sarafu iliyomegeka ukingoni: tazama upande unaokabiliana na mmego. Kama kipande kilimegeka kabla ya kupigwa, mara nyingi ukingo wa upande ule hufifia, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kukabana nacho. Mmego wa tupa haufifishi chochote.

3. Brokeji, yaani sarafu iliyopigwa na sarafu mwenzake. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika mchezo huu, yaani nilikuwa najua kila kitu. Muuzaji mmoja akanionyesha shilingi ya Afrika Mashariki ya 1952, Mfalme George wa Sita, na juu ya shavu la mfalme maneno EAST AFRICA yamezama, yamegeuka kama yaliyosomwa kwenye kioo. Chini ya kidevu, ukitazama vizuri, mgongo wa simba. Moyo ulinienda mbio. Nilikuwa nimekariri: sarafu ikigoma kutoka na kuganda kwenye muhuri, kipande kinachofuata hupigwa na sarafu mwenzake badala ya muhuri, na picha huingia kinyume. Hii si ndiyo? Nikatoa shilingi elfu kumi na mbili, ambazo zilikuwa kodi ya nyumba, nikamwambia mama watoto kwamba mwenye nyumba amesafiri.

Wiki mbili nilimwonyesha kila mtu. Nilimwonyesha kinyozi. Nilimwonyesha mwenye nyumba mwenyewe, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa hajasafiri.

Mwisho nikampelekea mzee mmoja, fundi mstaafu, mwenye rupia za Mombasa za 1888 tangu mimi sijazaliwa. Nikaamkia, nikakaa, nikafungua pamba. Hakuchukua hata lupu. Aliigeuza mara moja akauliza, "Mwanangu, mfalme wa pili yuko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Sarafu iliyoganda imejificha uso mmoja ndani ya muhuri wake. Uso uliobaki nje ndio ule uliopigwa na muhuri wa upande wa pili. Muhuri huo wa pili bado unafanya kazi, nao unapiga kipande kipya vilevile. Kwa hiyo brokeji kamili hubeba picha ile ile pande zote mbili: upande mmoja mfalme ametokeza, upande wa pili mfalme huyo huyo amezama na kugeuka. Simba hana nafasi hapo. Yangu ilikuwa na mfalme aliyetokeza, maneno ya simba yamekanyaga shavu lake, na nyuma simba halisi ambaye manyoya yake yamelala kama aliyeamka usingizini.

Nikabisha. Ndiyo, nilibisha. Nikataja joto, presha, mashine za zamani.

Mzee akanyanyuka, akatoa kopo la shilingi zilizochakaa, akachagua mbili. Akazibana mfalme kwa simba kwenye jiliwa iliyofungwa kwenye meza yake, kila upande akatia kipande cha ngozi ya kiatu ili meno ya jiliwa yasiache alama. Akaninginia kwenye mkono wa jiliwa kwa uzito wake wote, akapumua, akazungusha tena. Alipofungua akanipa. EAST AFRICA, kinyume, juu ya shavu. Hata pembe ya kuinama ilikaribia kufanana. "Haya, pacha wake," akasema. "Huyu sikuuzii, nakupa."

Kodi niliilipa kwa kuuza redio.

4. Herufi mbilimbili: kivuli kikiwa bapa na chini kama ngazi, kikaipunguza herufi yenyewe, ni muhuri uliotikisika baada ya kupiga, na hakiongezi bei. Sarafu nyembamba kila mahali, herufi zimelegea kama sabuni iliyotumika, ni tindikali. Ipime uzito kabla hujaniita. Mlioona senti ya Marekani ya 1943 "ya shaba", sumaku kwanza, ndoto baadaye: za mwaka ule nyingi mno zilipigwa kwa feleji, chuma kinachonaswa na sumaku, na kupaka shaba ni kazi ya dakika chache.

5. Tabora 1916. Msilipie "makosa" ya heller ishirini za Tabora. Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli zikifika kwa nadra tu, wakapiga sarafu katika karakana ya reli kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano waliyoipata. Picha imekwenda pembeni, ukingo umekatika, muhuri umepasuka: hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Nunua kwa sababu unaipenda, au kwa sababu kila siku unasema huna hela, neno lililozaliwa na heller, na ungependa kuiona hela yenyewe ilivyo.

6. Nunueni mizani ya sonara kabla ya kununua sarafu yoyote.

Yule kijana wa Jumamosi alisikiliza yote haya amesimama, chai yake imepoa. Nikamtolea shilingi zangu mbili, mapacha wa jiliwa, akazitazama kwa lupu muda mrefu. Halafu akaokota pete yake, akairudisha kwenye pamba.

"Sasa mzee, hii unaweza kunipa ngapi?"

"Ishirini," nikamwambia. "Ukirudi na kitovu."