Chanjo ya pepopunda na akili ya mtoto aliye tumboni

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamenidunga pepopunda mara moja na kuniambia nirudi baada ya wiki nne. Wifi yangu anasema dawa ile ina zebaki, nayo ndiyo inayoleta watoto wenye usonji. Nirudi au niache?
Mama mtarajiwa, Busia, Uganda

JIBU: Rudi, dada. Dozi ya kwanza huamsha mwili tu. Ya pili ndiyo inayoikomaza kinga mpaka ipite kwenye kondo imfikie mtoto. Uipate angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Ukiishia ya kwanza, mtoto anaweza kuzaliwa bila kinga ya kutosha, na vijidudu vya pepopunda vimejaa kwenye udongo na samadi. Wembe mchafu ukipita kwenye kitovu, vinaingia.

Chanjo yenyewe, Td, haina kidudu kilicho hai. Ni nusu mililita yenye sumu ya pepopunda na ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali, hudungwa kwenye msuli wa juu ya mkono.

Kuhusu zebaki, wifi yako hakubuni. Chupa ya dozi 10 hutiwa thiomesali, kihifadhi chenye zebaki kidogo sana, ili bakteria wasiote humo kila sindano inapoingizwa. Lakini ni zebaki ya aina ya ethili, ambayo mwili huitoa upesi. Inayojikusanya kwenye samaki ni ya methili.

Usonji umechunguzwa. Huko California, Marekani, watafiti waliangalia watoto 81,993 waliozaliwa kati ya 2011 na 2014. Wale ambao mama zao walichanjwa pepopunda, dondakoo na kifaduro wakiwa wajawazito hawakupata usonji zaidi ya wenzao.

Chanjo ya kuepuka ukiwa na mimba ni ya surua na rubela, maana ina virusi hai, ingawa vimedhoofishwa. Ichomwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kushika mimba. Usiidharau: rubela yenyewe ikimpata mama katika miezi mitatu ya kwanza, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro na akili iliyochelewa.

Siku ya kurudi, mwombe muuguzi akuonyeshe chupa. Kwenye lebo kuna duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukilingana nalo au kulizidi weusi, asikudunge hiyo.

Mkono utauma siku moja au mbili. Homa kali ikikupanda, usiisingizie sindano ukakaa nyumbani: kapime malaria siku hiyohiyo. Malaria, kaswende na upungufu wa damu ndivyo vinavyomdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo fansida, vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito, nayo usiiruke.

Dozi ya tatu ni miezi sita baada ya pili, ya nne mwaka mmoja baadaye, ya tano mwaka mwingine. Kadi itunze hata baada ya kujifungua, na uende nayo katika mimba ijayo.