Seva ikitofautiana na nyingine, uliza kabla ya kurekebisha

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kutunza klasta za seva za watu, yaani makundi ya seva zinazofanya kazi pamoja, na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza sana: nitumie programu gani kukagua mipangilio? Jibu lake ni fupi. Ansible, inayopeleka mipangilio kwenye seva nyingi kwa pamoja, inawatosha wengi, Puppet nayo ni nzuri, kwa ukaguzi wa usalama ipo OpenSCAP, na wenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, wana kube-bench. Chagua moja uijue vizuri. Kigumu ni kile kinachofuata, pale programu inapokuonyesha mistari myekundu na kukuambia kwamba nodi ya nne, yaani seva ya nne ya klasta, haifanani na nyingine.

Wengi huamuru irekebishwe hapo hapo. Mimi nasema usiiguse kwanza. Nodi za klasta huanza zikiwa sawa. Moja ikibadilika, kuna mtu aliyeigusa au kuna jambo lililoipata. Tofauti hiyo ni habari, na ukiifuta kabla hujaisoma umejinyima habari yenyewe. Ansible inakuruhusu kutazama bila kugusa: ongeza --check na --diff, nayo itakuonyesha mstari uliopo na mstari ambao ingeuweka. Ila kumbuka kwamba kazi zinazoendesha amri za moja kwa moja, yaani command na shell, kwa kawaida hurukwa katika hali hiyo. Zikinyamaza, usidhani zimepita.

Kisha mtafute aliyebadilisha. Tazama tarehe ya faili kwa stat, walioingia kwa last, programu zilizowekwa kwenye /var/log/apt/history.log. Ukipata jina, mwendee kwa upole. Ukaguzi ukigeuka fimbo ya kuwachapia watu, watakuficha, na klasta itaumia kimya kimya. Mimi huanza hivi: “Yaya, nimeona kwenye nodi ya nne kikomo cha faili zilizofunguliwa kimepandishwa. Kulikuwa na shida gani?” Na mara nyingi jibu lina maana: hifadhidata ilikuwa inaanguka usiku kwa kuishiwa nafasi ya kufungua faili, akaiokoa. Basi nodi iliyoonekana mbovu ndiyo iliyo sahihi. Kazi yako sasa ni kuipeleka thamani ile kwenye kanuni, yaani mipangilio mliyoiandika ifuatwe na seva zote, iende kwa nodi zote. Ungeirudisha kama zamani, hifadhidata ingeanguka tena usiku uleule.

Jambo linalowapita hata wazoefu ni kukagua faili na kusahau kinachofanya kazi. Chukua SSH, huduma ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Kanuni yenu inasema watu waingie kwa ufunguo tu, nenosiri lisikubaliwe. Unafungua /etc/ssh/sshd_config, unakuta PasswordAuthentication no, unaridhika. Lakini kwenye Ubuntu na Debian za siku hizi, juu ya faili hiyo kuna mstari wa Include unaoziita faili zilizomo ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d. Na SSH, kwa mipangilio yake mingi, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Zinazokuja baadaye haizisikilizi. Kwa hiyo kifaili kama 50-cloud-init.conf, kilichoachwa wakati seva inatengenezwa, kikisema yes, ndicho kinachoshinda. Mkaguzi aliyesoma faili kubwa ataandika “sawa” na mlango uko wazi.

Tumia sshd -T ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Inatoa mipangilio yote jinsi SSH inavyoielewa baada ya kuziunganisha faili zake, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na kanuni. Hata hapo usiishie. Kama faili imebadilishwa na huduma haijapakiwa upya, SSH iliyoko hewani bado inafuata ya zamani. Nenda kwenye mashine nyingine, jaribu kuingia kwa nenosiri, uone kwa macho yako unakataliwa.

Kuna na kinyume chake: kinachofanya kazi ni sawa, faili ndiyo mbovu. Hilo hapa kwetu tunafundishwa na umeme. Kubelet, programu ya Kubernetes iliyoko kwenye kila nodi, kwa kawaida yake hukataa kuanza ikikuta swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu, imewashwa. Fundi anapiga swapoff -a, nodi inaingia kwenye klasta, kazi imekwisha. Mstari wa swap ndani ya /etc/fstab, faili inayosomwa seva inapowaka, umebaki palepale. Seva inaweza kukaa hivyo miezi mingi, na kila ukaguzi unaotazama hali ya sasa utaipitisha. Halafu umeme unakatika, onduleri, yaani betri za akiba, zinaisha nguvu kabla jenereta haijashika. Seva zinapowaka tena, swap imerudi, kubelet inagoma. Na kama nodi zote zilitengenezwa na mkono uleule, hakuna hata moja inayorudi. Thamani za sysctl, yaani mipangilio ya kiini cha Linux, nazo ni hivyohivyo: ukiibadilisha kwa amri bila kuiandika chini ya /etc/sysctl.d, itapotea seva ikizimika.

Ndiyo maana kila kanuni naikagua mara mbili, ilivyo sasa na itakavyokuwa baada ya kuwaka upya. Tena nawaomba wateja tupange siku tuzime nodi moja kwa makusudi. Mama mmoja, mkuu wa ofisi, aliniuliza: “Papa, mashine inafanya kazi vizuri, tunaizima kwa nini?” Nikamwambia: “Mama, heri tuizime sisi saa nne asubuhi tukiwa wote hapa, kuliko umeme uizime saa nane usiku.” Akakubali.

Saa za nodi nazo zikague. Nchi yetu ya Kongo ina majira mawili ya saa. Kinshasa wako saa moja nyuma yetu sisi wa Lubumbashi, sawa na walivyo nyuma ya Goma na Bukavu. Kampuni ikiwa na mafundi pande zote mbili, utakuta nodi moja imewekwa Africa/Kinshasa, nyingine Africa/Lubumbashi. Saa ya ndani ni moja, lakini kwenye logi za maandishi, yaani kumbukumbu za matukio, tukio lilelile linaonekana limepishana kwa saa nzima, na ukitafuta chanzo cha tatizo utaona matokeo yametangulia sababu. Weka UTC, saa ya kimataifa, kote, na chrony, programu ya kusawazisha saa, izishike sawa. Lugha pia iangalie. Nodi iliyosakinishwa kwa Kifaransa, df yake, amri inayoonyesha nafasi ya diski, huandika “Sys. de fichiers” juu ya jedwali, na desimali hutoka kwa koma, 0,42 badala ya 0.42. Skripti ya ukaguzi iliyoandikwa kwa Kiingereza inaweza kusoma vibaya na kutoa jibu la uongo. Anza kila skripti na LC_ALL=C, ili amri zijibu kwa Kiingereza.

Sasa orodha za usalama. Orodha za CIS za Linux, zinazotolewa na shirika la usalama wa mitandao, zinataka net.ipv4.ip_forward, ruhusa ya kupitisha pakiti za wengine, iwe 0 kwenye seva isiyo ruta, na kwa seva ya kawaida hiyo ni kanuni nzuri. Nodi ya Kubernetes inahitaji 1, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayopitisha pakiti za podi, yaani programu zinazoendeshwa na Kubernetes. Ukiiruhusu programu ijirekebishie, utapata ripoti ya kijani na podi zisizosikilizana. Kwa hiyo andika ruhusa maalumu: kanuni ipi, nodi zipi, sababu gani, nani ameikubali, na itaangaliwa tena lini. Ruhusa isiyo na tarehe mimi naihesabu kuwa kosa kwenye ripoti.

Ukifika kwenye kurekebisha, badilisha kanuni iliyoko Git, panapotunzwa matoleo ya faili zenu, kisha iache programu iipeleke. Peleka nodi moja moja. Kwenye Ansible ni serial: 1. etcd, hifadhidata ya Kubernetes yenyewe, ikiwa na wanachama 3 huvumilia kupotea kwa mmoja. Wakianguka wawili, klasta haiandiki tena kitu. Iondolee nodi kazi zake kwa kubectl drain, rekebisha, iwashe upya, hakikisha imerudi ikiwa nzima, ifungulie kwa uncordon, ndipo uende kwa inayofuata.

Halafu endesha tena playbook ileile, yaani faili ya maagizo ya Ansible. Mara ya pili changed, yaani idadi ya yaliyobadilishwa, inatakiwa iwe 0. Ikiendelea kubadilisha kitu kilekile kila mara, huenda kuna mwandishi wa pili anayeandika juu ya kazi yako. Tazama kwanza crontab ya root na /etc/cron.d, ratiba za kazi zinazojiendesha, kisha cloud-init, programu inayoiandaa seva, kwa sababu yenyewe huandika wakati seva inawaka na mchana hutaiona.