Ile Mini ya Kufuli

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: katika vichekesho vya zamani vya televisheni, ni gari gani au chombo gani cha nyumbani ambacho hakijakutoka kichwani, na ukipewa leo utakitumia?

Mini ya Mr. Bean, kile kigari kidogo cha Kiingereza. Jibu limekwisha. Maelezo yake ndiyo marefu, na mtanivumilia, maana nimefanya ufundi magari hapa Tanga zaidi ya miaka thelathini, na fundi hajui kujibu swali kabla ya kufungua boneti.

Nilimwona Mr. Bean mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, katikati ya miaka ya tisini. Huku Bara televisheni tuliipata mwaka 1994, na wenye seti mtaani kwetu walihesabika kwa vidole. Sisi wengine tulilipa, tukabanana kwenye mabenchi. Filamu za Kichina na za Kihindi zilitaka mtu wa kutufasiria. Mr. Bean hakutaka mkalimani, kwa sababu karibu hasemi kitu. Mtoto wa darasa la pili, mzee wa msikitini na mama wa vitumbua walicheka pamoja, wakati mmoja, na kwenye kibanda kile hilo halikuwa jambo la kila siku.

Basi jamaa akaegesha, akashuka, akafunga mlango wa gari, akasukuma komeo, halafu akatoa kufuli. Kufuli hasa, la banda la kuku, akalifunga mlangoni kwa nje. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi na bosi wangu wa gereji tukatazamana. Hatukucheka. Gereji kwetu ilikuwepo Mini iliyofungwa vilevile.

Ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, rangi ya maziwa iliyogeuka rangi ya chai. Kitasa cha mlango wa dereva kilikuwa kimekufa, na cha kukibadilisha hakikupatikana dukani wala kwenye skrepa. Bosi akachukua vipande viwili vya bati nene, akavichomelea, akatoboa tundu, mwalimu akaambiwa akanunue kufuli. Waingereza walimtilia mtu wao kufuli ili achekwe. Mwalimu wetu tulimtilia ili apate usingizi. Tangu siku ile nimekuwa nikiviangalia vichekesho hivi kwa jicho la gereji, nikipima kipi ni chumvi na kipi kinatokea kweli.

Kwa wasioikumbuka vizuri: ni Mini 1000 ya miaka ya sabini, kijani cha ndimu, boneti nyeusi isiyong'aa. Haikuwa ya kwanza. Kipindi cha mwanzo kabisa, cha tarehe 1 Januari 1990, alikuwa na Mini ya rangi ya chungwa, ikapata ajali mwishoni, ndipo hii ya kijani ikaingia. Vipindi vyenyewe havikuzidi kumi na tano, vikaisha mwaka 1995. Ukisikia jinsi watu wanavyovisimulia utadhani vilikuwa mia mbili.

Aliyeigiza, Rowan Atkinson, amesomea uhandisi wa umeme, chuo kikuu cha Newcastle kisha cha Oxford, na leseni ya malori anayo. Inaonekana. Mtu asiyejua magari hawezi kuketi hivyo kwenye gari dogo. Chukueni kile kipindi cha 1994 anachotoka kununua vitu vya bei ya punguzo, gari likajaa hadi yeye mwenyewe akakosa pa kukaa. Akakifunga kiti cha sebuleni juu ya paa, akakalia, akaendesha kwa kamba na fagio huku akiteremka mtaani. Upuuzi mtupu, mpaka upime. Paa la Mini liko mita 1.35 tu kutoka ardhini. Nikisimama kando yake linanifika kifuani. Ukiwa juu ya paa hilo, fagio la kawaida linafika kwenye pedeli bila shida. Jaribu kwenye Land Rover uone kama utaigusa breki.

Udogo huo una historia. Mwaka 1956 mgogoro wa Mfereji wa Suez ulikata mafuta ya Ulaya, Uingereza ikaingia kwenye mgao wa petroli, na mkuu wa kampuni ya magari ya BMC akamtaka mhandisi wake Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, Uturuki ya leo, amtengenezee gari dogo linalokunywa kidogo. Likatoka Agosti 1959, urefu mita tatu na ushee, magurudumu ya inchi 10. Ujanja wake ni kwamba injini aliilaza upande, kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia, na giaboksi akaiweka chini ya injini, zikala oili moja. Nafasi iliyobaki akawaachia abiria. Leo karibu kila gari dogo mnalopanda injini yake imelala hivyo, ingawa giaboksi imehamishiwa pembeni, nasi mafundi tunashukuru.

Ila Issigonis alituachia deni. Gari la majaribio lilikuwa na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, upande wa mbele, ikawa inaganda barafu kwa baridi ya kwao. Wakaigeuza injini, kabureta ikaenda nyuma. Nini kikaja mbele? Distributa, inayogawa umeme wa cheche, na plagi zake, nyuma tu ya ile grili, zinaitazama mvua uso kwa uso, na umeme huo ukilowa gari haliwaki. Kule iliponusurika na barafu, huku ikaangukia kwenye masika.

Masika ya Tanga mnayajua au mmeyasikia. Siku moja mwalimu alizimikiwa na gari mtaa wa Ngamiani, katikati ya maji, akatuma mtoto atuite. Nilikwenda na kitambaa kikavu. Nikafungua kifuniko cha distributa, nikafuta, nikarudisha, gari likawaka, likaenda mita hamsini, lori likapita, likaturushia dimbwi zima, likazima tena. Mara ya tatu bosi alikuja mwenyewe na glavu ya mpira, ya kufulia, ya njano. Akaikata ncha za vidole. Injini ya Mini ina silinda nne, kwa hiyo nyaya nne za plagi, na wa tano unatoka kwenye koili inayotoa umeme wa cheche. Vidole vitano. Akapitisha kila waya kwenye kidole chake, sehemu ya kiganja akaivutia juu ya kifuniko, ikabana kama kofia ya baraghashia. Likawaka. Mwalimu akaondoka na mkono wa njano umekumbatia injini, na mvua haikumsumbua tena msimu ule. Baadaye nilikuja kujua kwamba Waingereza wenyewe walikuwa na ujanja huohuo. Bosi hakuwahi kutoka mkoa wa Tanga, na alifika palepale.

Nikiona Mini ya kijani kwenye mvua ya London huwa nasubiri izime.

Kuzima kwenyewe kupo kwenye kichekesho kingine, cha zamani zaidi, Fawlty Towers. Nacho kilikuwa vipindi 12 tu, sita vya 1975 na sita vya 1979. Basil Fawlty, aliyeigizwa na John Cleese, ana hoteli mjini Torquay, Uingereza, na gari la Austin 1100 jekundu, ile ya nyuma ndefu. Gari linamsumbua, anakataa kulipeleka gereji, analifungua mwenyewe ili asilipe. Usiku wa karamu mpishi wake kalewa chakari, ikabidi Basil akimbilie bata wa kuokwa kwenye mgahawa wa rafiki. Njiani gari linazima. Analibembeleza, analitishia, analihesabia moja mbili tatu. Halafu anashuka, anatokomea kwenye picha, na kurudi na tawi la mti, analicharaza gari bakora kama mtoto mtoro.

Wateja wa namna ile nimewapata wengi. Jumatatu anakuona mwizi kwa bei ya poini na plagi, Ijumaa anavutwa kwa kamba na familia yote imo ndani. Mmoja aliwahi kulipiga teke gari lake mbele yangu akavunjika ukucha.

Aliyelibuni Austin 1100? Ni yuleyule Issigonis. Injini imelala upande, giaboksi chini, distributa inatazama mbele. Magari mawili yaliyowavunja watu mbavu yalitoka kwenye meza moja ya mchoro, na yote mawili yalikuwa magari ya watu wa kawaida. Hiyo 1100 kwa miaka mingi ya sitini ndiyo iliyonunuliwa kuliko gari lolote Uingereza. Aliyekuwa sebuleni akimcheka Basil huenda yake ilikuwa nje, na kesho asubuhi haijulikani kama itawaka. Rolls-Royce ikizima njiani ni habari ya gazeti. Ya kwako ikizima, na bata yumo ndani, ndipo kicheko kinapopanda.

Sasa niseme nisipokubaliana na Mr. Bean. Kuna kile kigari cha buluu cha magurudumu matatu, Reliant Regal, anachokisumbua kila akikutana nacho. Anakichomekea, anakisukuma, kinapinduka ubavu, yeye anaenda zake. Dereva wake hatukuwahi kumwona sura. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi namhurumia dereva yule kuliko mtu yeyote kwenye televisheni. Reliant ilikuwa na mwili wa faiba na uzito mdogo, na sheria ya Uingereza iliihesabu karibu na pikipiki: leseni ya pikipiki ilitosha na ushuru wa barabara ulikuwa nafuu. Aliyeinunua alikuwa mtu wa pikipiki aliyepata mke na watoto na mvua. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, yaani bajaji yenye milango. Kupinduka inapinduka, kona ukiiingia kwa jeuri, kama bajaji. Hiyo ya kuanguka kila ikiguswa ni chumvi, tena chumvi ya kumcheka maskini.

Only Fools and Horses, kichekesho kingine cha Kiingereza kilichoanza 1981, kiliitendea haki zaidi gari hiyohiyo. Ile ya njano ya akina Trotter, ndugu wachuuzi, imechakaa, ubavuni imeandikwa New York, Paris, Peckham (Peckham ni mtaa wa kawaida tu wa London), na haipinduki hata kidogo. Inakwenda sokoni na bidhaa za magendo na inarudi. Kichekesho kiko kwenye maandishi. Wanaotaka ubishi: watu wengi wanaiita Reliant Robin. Siyo Robin, ni Regal.

Vyombo vya nyumbani nitavipita haraka, siyo fani yangu. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu vya Marekani vya miaka ya hamsini. Katika I Love Lucy kuna mashine ya kufulia iliyokuukuu, jirani anauziwa dola 35, inaharibika, na ujirani unaingia mchanga. Hiyo haihitaji tafsiri Tanga. Katika The Honeymooners cha 1955, dereva wa basi wa Brooklyn hana friji, ana sanduku la barafu, wakati nyumba nyingi za Marekani zilikwisha kuhamia kwenye umeme. Hilo lilinisumbua kidogo, kwa sababu sanduku la barafu haliharibiki, halina hata mota. Linakaa tu pale jikoni, na mke wa dereva analitazama.

Kimoja sitakipita. Mr. Bean ananunua televisheni mpya, anahangaika na antena chumba kizima, na picha inakaa sawa pale tu yeye anapokaa mahali ambapo haioni. Akivuta kichwa kuchungulia, chenga. Mwisho anavua nguo zote, anazijaza ziwe mtu wa bandia zishike nafasi yake, anakaa uchi kutazama, na hapohapo umeme unakatika kwa sababu mita yake ni ya kutumbukiza sarafu na sarafu imeisha. Kwetu kulikuwa na mtoto wa kazi hiyo, mdogo wangu wa mwisho. Alisimama juu ya paa na antena mkononi tangu mechi ianze mpaka mapumziko, tukimpigia kelele "hapohapo, usitingishike!" Mechi hakuiona. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilipofika na kuanza kulia usiku wa fainali, ndugu zangu wote walimkumbuka Mr. Bean bila kuambiwa.

Mliuliza kama nitaitumia. Mwalimu alifariki, Mini yake wanawe wakaiuza kwa mtu wa Moshi, sijaiona tena. Kiwandani waliendelea kuzitengeneza hadi mwaka 2000, zikapita milioni tano, kwa hiyo mkitafuta mtapata. Nitaichukua, hata kama kitasa ni kibovu. Kufuli ninalo, glavu nitanunua. Ila msiniletee kabla masika hayajaisha.

Fundi mstaafu, Tanga